Risasi, Zebaki na Akili ya Mtoto kwenye Mwambao wa Uvira

Ubongo wa binadamu hujengwa kwa kasi kubwa kuliko wakati mwingine wowote tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka mitatu hivi, kipindi ambacho seli za neva, yaani chembe hai zinazopokea na kupeleka habari mwilini, huzaliwa kwa mabilioni, huhamia mahali pake na kuunganishwa moja na nyingine kwa utaratibu usiorudiwa tena maishani. Kitu chochote kinachoivuruga kazi hiyo katika miaka hiyo ya mwanzo kinaweza kumwachia mtoto dosari ambayo mtu mzima aliyepata kiasi kilekile cha sumu asingeipata. Miongoni mwa vitu hivyo, metali nzito ndizo zilizochunguzwa kwa muda mrefu na kwa kina. Metali nzito ni jina la jumla la metali zenye uzito mkubwa kwa ujazo wake, kama vile risasi, zebaki na kadimi, na kwa desturi aseniki huhesabiwa pamoja nazo ingawa kikemia si metali kamili. Chuma na zinki ni lazima ziwemo mwilini ili mtoto akue, lakini risasi na zebaki hazina kazi yoyote ndani ya mwili wa binadamu.

Mji wa Uvira, mashariki mwa Kongo, uliobanwa kati ya milima ya Mitumba na maji ya Ziwa Tanganyika, hauna historia kama ya Kabwe nchini Zambia, ambako mgodi wa risasi uliochimbwa kuanzia mwaka 1906 hadi 1994 uliacha udongo wenye sumu ambao watoto wanaendelea kuuchezea hadi leo. Kutokuwepo kwa mgodi wa namna hiyo kunaweza kumfanya mzazi wa mtaa wa Kalundu, wa Mulongwe au wa Kavimvira aamini kwamba jambo hili ni la watu wengine, na imani hiyo ni ya hatari. Kwenye mwambao wa kaskazini wa ziwa metali hizi hupitia katika kazi ndogondogo za kujitafutia riziki, zile zinazofanyika uani, kando ya barabara na pwani, na kwa sababu zinafanyika karibu na makazi, sumu yake haihitaji safari ndefu ili imfikie mtoto anayetambaa. Mtoto huyo akifika shuleni na kushindwa kutulia, kusikiliza au kukumbuka, lawama humwangukia yeye na mama yake, ilhali chanzo huenda kilikuwa vumbi la kijivu lililoletwa nyumbani na nguo za kazi.

Uhusiano huu kati ya sumu na tabia ulithibitishwa kwa njia ambayo kila mzazi anaweza kuielewa. Mwaka 1979 daktari wa Marekani, Herbert Needleman, pamoja na wenzake, alichapisha uchunguzi uliofanywa katika miji ya Chelsea na Somerville, karibu na Boston, ambamo badala ya damu walipima meno ya utotoni yaliyong'oka yenyewe, kwa kuwa jino, kama mfupa, hutunza risasi iliyoingia mwilini miaka mingi kabla. Walimu, bila kujua jino la mtoto gani lilikuwa na risasi kiasi gani, waliulizwa maswali mepesi kuhusu wanafunzi wao, kama vile iwapo mtoto huvutwa kwa urahisi na mambo mengine, iwapo huacha kazi kabla ya kuimaliza, iwapo hukurupuka, iwapo hukata tamaa upesi, iwapo anaweza kufuata maagizo rahisi. Kadiri risasi ilivyozidi katika meno ndivyo majibu mabaya yalivyoongezeka, hatua kwa hatua, tangu kundi la chini hadi la juu, na watoto hao hao walipata alama pungufu katika vipimo vya akili. Hakuna hata mmoja wao aliyeonekana mgonjwa. Walikuwa watoto wa kawaida ambao shule ilikuwa imekwisha kuwapa majina ya uvivu na utukutu.

Miaka iliyofuata, tafiti za namna hiyo zilirudiwa katika nchi mbalimbali kwa kuwafuatilia watoto tangu kuzaliwa, na mwaka 2005 timu iliyoongozwa na Bruce Lanphear ilikusanya pamoja takwimu za tafiti 7 zenye watoto 1,333. Kipimo kinachotumika ni mikrogramu, yaani sehemu moja ya milioni ya gramu, kwa kila desilita moja ya damu. Walichokiona ni kwamba risasi ilipopanda kutoka mikrogramu 2.4 hadi 10 mtoto alipoteza takriban alama 3.9 za kipimo cha akili, na kutoka 10 hadi 20 alipoteza nyingine 1.9, maana yake ni kwamba hasara kubwa zaidi hutokea mwanzoni, katika kiasi kidogo ambacho zamani madaktari walikiona hakina neno. Ndiyo sababu Shirika la Afya Duniani linasema wazi kwamba hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto, nalo linataka chanzo kitafutwe na kuondolewa kila damu inapofikia mikrogramu 5. Mwaka 2020 shirika la UNICEF, likishirikiana na shirika la Pure Earth, lilikadiria kuwa karibu mtoto mmoja kati ya watatu duniani, yaani watoto wapatao milioni 800, wamefikia au kuvuka kiwango hicho, na wengi wao wanaishi katika nchi maskini.

Inafaa kusema hapa kwamba si kila mtoto asiyetulia darasani ametiwa sumu. Uvira inajua vita na kuhama hama, inajua malaria inayopanda kichwani, inajua njaa ya miezi kadhaa mfululizo, na kila kimoja kati ya hivyo kinaweza peke yake kudhoofisha akili ya mtoto au kumfanya awe mwoga, mkali au mzito. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure mwaka 2019, madarasa ya umma yamejaa kiasi kwamba hata mtoto mwenye afya kamili huona tabu kumsikia mwalimu. Metali nzito huja juu ya mzigo huo, nazo huumiza zaidi mwili uliokwisha kudhoofika, jambo linaloeleweka vizuri zaidi pale njia ya sumu ndani ya mwili inapofuatwa.

Risasi hupenya kwa sababu mwili huidhania kuwa kalisi, yale madini yanayojenga mifupa na ambayo seli za neva huyatumia kupelekeana ishara. Ikishachukua nafasi ya kalisi katika ubongo, huvuruga utoaji wa kemikali zinazobeba ujumbe kutoka seli moja hadi nyingine, na hivyo miunganiko ambayo ingepaswa kuimarishwa na mazoezi ya kila siku, kama kutazama, kushika, kusikia maneno na kuyarudia, hubaki dhaifu. Mtu mzima akimeza risasi hufyonza takriban asilimia 5 hadi 10 yake, lakini mtoto mdogo anaweza kufyonza hadi nusu, na kiasi hicho hupanda zaidi akiwa na tumbo tupu au akiwa na upungufu wa madini ya chuma na kalisi. Kwa hiyo mtoto aliyekaukiwa damu kwa malaria na minyoo, anayekula ugali wa muhogo mchana na usiku bila samaki wala maharage, huifungulia risasi mlango ambao mtoto aliyeshiba huufunga kwa sehemu.

Mama naye huingia katika hesabu hii hata kama hajagusa risasi wala zebaki tangu siku alipochukua mimba. Risasi iliyoingia mwilini mwake utotoni au ujanani hujificha katika mifupa kwa miongo kadhaa, na wakati wa ujauzito, mwili unapochota kalisi mifupani ili kumjenga mtoto, risasi hiyo hutoka pamoja nayo, hupita katika kondo la nyuma na kuingia katika damu ya mtoto. Zebaki hufanya vivyo hivyo kwa njia yake yenyewe, kwani mvuke wake huvuka kondo la nyuma bila shida, na aina yake ya kikaboni, iitwayo zebaki-methili, hujikusanya katika damu ya mtoto aliye tumboni kwa kiasi kinachozidi kile cha mama. Dunia ilijifunza jambo hili kwa gharama kubwa huko Minamata, Japani, ambako ugonjwa uliotambuliwa rasmi mwaka 1956 ulitokana na zebaki iliyomwagwa na kiwanda katika ghuba na kuingia katika samaki, na ambako baadhi ya akina mama wasio na dalili zozote walizaa watoto waliolemaa mwili na akili.

Kati ya vyanzo vyote vinavyoweza kutajwa kwenye mwambao huu, betri inastahili kuangaliwa kwanza na kwa karibu. Kwa kuwa umeme wa gridi haufiki kila mtaa na pale unapofika hukatika mara kwa mara, betri za asidi na risasi zimekuwa sehemu ya maisha, ziwe za magari na pikipiki zinazopita barabara ya taifa namba 5 kwenda Bukavu na Fizi, ziwe za paneli za jua juu ya mabati, au za kuwashia taa wanazotumia wavuvi kuwavuta ndakala, wale samaki wadogo wa ziwa hili, usiku wa giza, mwezi unapokuwa haupo. Betri moja ya gari huwa na takriban kilo 10 za risasi, na inapokufa haitupwi, kwa sababu risasi hiyo ina bei. Popote kazi ya kuzipasua inapofanywa kienyeji, utaratibu haubadiliki sana. Kasha hupasuliwa kwa shoka au panga, asidi humwagwa mtaroni au chini ya mti, sahani za ndani hutolewa na kugongwa ili tope lake lililokauka lidondoke, kisha risasi huyeyushwa katika sufuria kuukuu juu ya makaa, kwani huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, joto ambalo jiko la kawaida linalifikia likipulizwa. Mvuke huganda hewani na kuwa vumbi jepesi linalotua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya mboga, juu ya mkeka anaolala mtoto. Fundi hurudi nyumbani na shati lilelile, hulitundika ukutani, naye mtoto humkumbatia.

Risasi hiyo iliyoyeyushwa hupata kazi nyingine pwani. Nyavu na ndoana huhitaji vizito, na kwa kuwa vizito vya dukani vina gharama, wako wavuvi wanaovisubu wenyewe katika vitobo vya mchanga au vya mbao, na watoto ndio wanaovikusanya, wanaovihesabu na wakati mwingine wanaovitafuna ili kubana uzi. Kwa jinsi risasi inavyong'aa ikiwa mpya na ilivyo laini kiasi cha kupindwa kwa vidole, mtoto huiona kuwa kitu cha kuchezea, na hakuna anayemkataza kwa sababu hakuna aliyeambiwa kwamba kidole chenye rangi ya kijivu kikiingia kinywani mara nyingi kwa siku kinatosha kupandisha risasi katika damu.

Hofu hii haikutungwa. Mjini Kinshasa, watafiti walioongozwa na Joel Tuakuila walipima damu ya watoto wadogo baada ya petroli yenye risasi kuondolewa sokoni, na matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2013, yalionyesha kwamba watoto wengi bado walikuwa na risasi nyingi kupita kiasi, jambo lililowalazimu kutafuta vyanzo vingine, wakatilia shaka mambo mawili ya nyumbani, ambayo ni ukarabati wa betri za magari katika makazi na udongo uliochomwa ambao wajawazito huula kutuliza tumbo. Petroli ya magari yenye risasi sasa imetoweka duniani kote, nchi ya mwisho kuiacha ikiwa Algeria mwaka 2021, kwa hiyo kile kilichobaki katika damu ya watoto wa Kongo kinatoka katika vitu ambavyo serikali ya mji, kiongozi wa mtaa na baba mwenye nyumba wanaweza kuvigusa kwa mkono.

Mwambao wa Bahari ya Hindi nao una kisa chake, na kinafahamika kwa sababu wananchi walikataa kunyamaza. Katika kitongoji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilianza kazi mwaka 2007 katikati ya makazi, na mfanyakazi wake, Phyllis Omido, aligundua kwamba ugonjwa wa mwanawe mchanga ulitokana na risasi. Aliacha kazi, akawakusanya majirani, akakamatwa na kutishwa, na mwaka 2014 kiwanda kikafungwa. Mwaka uliofuata alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, na mwaka 2020 mahakama ya mazingira na ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, uamuzi uliopinduliwa katika rufaa kisha ukarudishwa na Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024. Fedha hizo ni haki yao, lakini kijana aliyekuwa mchanga wakati tanuri linawaka amekwisha kumaliza miaka yake ya kujenga ubongo, na hakuna mahakama inayoweza kumrudishia.

Chanzo cha pili kinatoka milimani. Kivu Kusini ni mkoa wa dhahabu, kuanzia Kamituga katika wilaya ya Mwenga hadi Misisi katika wilaya ya Fizi, na Uvira ni mojawapo ya milango ambayo dhahabu hiyo hupitia kuelekea Bujumbura na kwingineko. Mwamba wenye dhahabu hutwangwa na kusagwa hadi uwe unga, kazi ambayo Kamituga imefanywa kwa miaka mingi na akina mama kwa vinu vya chuma, wengi wao wakiwa na watoto mgongoni, kabla mashine za kusaga hazijawaondoa baadhi yao. Unga huoshwa kwa maji, na pale zebaki inapotumika, hutiwa katika mchanga mzito uliobaki ili ishikane na chembe za dhahabu, kisha mchanganyiko hukamuliwa katika kitambaa na donge linalobaki huchomwa motoni. Zebaki huchemka kwa nyuzi 357, hivyo hupaa upesi na kuacha dhahabu peke yake, na kila aliye karibu huvuta mvuke usio na harufu wala rangi. Donge hilo likichomwa ndani ya nyumba au jikoni, mvuke huganda ukutani na juu ya dari, na kuendelea kutoka kidogo kidogo kwa siku nyingi. Likipelekwa mjini bado lina zebaki ndani yake, na mnunuzi akiliyeyusha tena dukani ili kulisafisha, sumu iliyotoka mgodini huwafikia majirani wa duka. Kazi hii ya dhahabu ya wachimbaji wadogo ndiyo inayotoa zaidi ya theluthi moja ya zebaki yote ambayo binadamu huiachia hewani duniani, na ndiyo iliyokuwa mojawapo ya sababu kubwa za Mkataba wa Minamata wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017.

Dhahabu inaweza kuleta risasi pia, na kile kilichotokea katika jimbo la Zamfara, kaskazini mwa Nigeria, kinapaswa kujulikana na kila mchimbaji wa Fizi. Mwaka 2010 wahudumu wa shirika la Madaktari Wasio na Mipaka walikuta vijiji ambamo watoto walikuwa wakifa kwa degedege isiyosikia dawa ya malaria, na ikabainika kwamba mawe ya dhahabu ya eneo hilo yalikuwa na risasi nyingi, na kwamba yalikuwa yakisagwa uani kwa mashine zilezile za kusagia nafaka. Zaidi ya watoto 400 walifariki katika miezi michache, na miongoni mwa waliopona wako waliobaki vipofu, viziwi au wazito wa akili. Si kila mwamba wa dhahabu una risasi ya kiasi hicho, lakini mazoea ya kusagia mawe nyumbani, karibu na chakula na watoto, ndiyo yaliyogeuza dosari ya mwamba kuwa msiba wa vijiji, na mazoea hayo yanapatikana popote palipo na dhahabu ya wachimbaji wadogo.

Kuhusu samaki inabidi kusema kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu neno lisilopimwa linaweza kuwanyima watoto wa Uvira chakula bora kuliko vyote walivyo navyo. Zebaki ikifika katika tope la ziwa au la mto, bakteria huigeuza kuwa zebaki-methili, nayo huingia katika viumbe wadogo, hupanda kwa samaki wanaowala, kisha kwa samaki wakubwa wanaowala hao, ikizidi katika kila hatua. Watafiti walioongozwa na Linda Campbell walipima samaki wa Tanganyika waliovuliwa mwaka 2000 katika maji ya upande wa Tanzania, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 walithibitisha kwamba ngazi hiyo ya kuongezeka ipo katika ziwa hili kama ilivyo katika maziwa ya Victoria na Nyasa, ila samaki wengi walikuwa na zebaki kidogo, na ni spishi chache tu zilizofikia au kuvuka kiwango kinachopendekezwa kwa watu kama wajawazito. Ndakala, ambaye hula vijidudu vya majini na kuishi muda mfupi, yuko chini kabisa katika ngazi hiyo, ilhali sangala mkubwa aliyeishi miaka mingi akiwala wengine yuko juu, na mukeke yuko katikati yao.

Visiwa vya Shelisheli vinatoa ushahidi mwingine unaotia moyo. Wakazi wake hula samaki wa baharini karibu kila siku, na tangu mwaka 1989 watafiti wamewafuatilia mamia ya watoto waliozaliwa huko na mama zao, bila kukuta dhara la kudumu linaloonekana wazi kutokana na zebaki ya samaki hao, kwa kuwa mafuta ya samaki na madini yake hujenga ubongo wakati huohuo. Kinyume chake, tafiti za visiwa vya Faroe, ambako watu hula pia nyama ya nyangumi yenye zebaki nyingi, zilikuta kwa watoto upungufu katika kumbukumbu, umakini na lugha. Ushauri unaotokana na hayo yote kwa mjamzito wa Uvira ni mwepesi, nao ni kwamba ale ndakala bila woga, tena aongeze, na asifanye samaki wakubwa wawindaji kuwa mboga yake ya kila siku. Ndakala wanaoliwa na mifupa yake huleta kalisi na chuma, yaani vitu vilevile vinavyoizuia risasi kuingia mwilini.

Vyanzo vilivyobaki vinaweza kutajwa kwa ufupi. Sufuria nzito zinazosubiwa kienyeji kutokana na vyuma chakavu zimepimwa nchini Kamerun mwaka 2014 na baadaye katika nchi nyingine kadhaa, zikiwemo Kenya na Tanzania, na nyingi zilionekana kuachia risasi na aluminiamu katika chakula, hasa chakula kichachu kama mchuzi wa nyanya. Udongo wa kula unaouzwa sokoni kwa wajawazito unaweza kubeba risasi na aseniki. Krimu za kujichubua nyingi zimekutwa na zebaki, ambayo hupita katika ngozi ya mama na kubaki katika mashuka na mikono inayombeba mtoto. Na mafuriko, kama yale ya Aprili 2020 ambapo mto Mulongwe ulifurika na kuua watu wengi, au ya mwaka 2024 ambapo ziwa lenyewe lilipanda na kuzifunika nyumba za Kavimvira, huchukua takataka za karakana na kuzisambaza katika viwanja na bustani za watu wasiowahi kugusa betri.

Jambo linalopaswa kumsumbua kila mwenye mamlaka ni kwamba dawa haiwezi kurekebisha kilichoharibika. Zipo dawa zinazokamata risasi na kuitoa kwa mkojo, nazo huokoa maisha ya mtoto mwenye mikrogramu 45 au zaidi, lakini jaribio kubwa lililofanywa Marekani kwa watoto 780 na kuchapishwa mwaka 2001 lilionyesha kwamba watoto wenye kiasi cha wastani waliopewa dawa hizo walipungukiwa na risasi katika damu bila kupata akili yoyote zaidi ya wenzao waliopewa dawa bandia. Tumaini lote basi liko katika kuzuia, na kuzuia huanza kwa kupima. Kipo kifaa kidogo cha kubebeka kinachohitaji matone mawili ya damu ya kidole na kutoa jibu kwa muda wa dakika chache, na kingeweza kutumika katika kliniki ya wajawazito pamoja na kipimo cha wekundu wa damu ambacho tayari wauguzi wanakifanya. Wala haitakuwa kweli kusema kwamba vipimo vya akili na tabia ni anasa ya Ulaya, kwa kuwa huko Kahemba, kusini magharibi mwa Kongo hii hii, watafiti wa Kongo na wa Marekani waliwapima watoto walioathiriwa na sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri, wakachapisha matokeo mwaka 2013, na vipimo vilifanya kazi kijijini kama vinavyofanya mjini. Kituo cha utafiti wa haidrobiolojia cha Uvira, chenye wataalamu wanaolifahamu ziwa tangu miaka ya 1950, kinaweza kuongoza upimaji wa samaki na tope, na zoni za afya za Uvira, Ruzizi, Nundu na Fizi zikaongoza upimaji wa damu.

Mengine hayasubiri mradi wala mfadhili. Fundi wa betri anaweza kuhamishia kazi yake mbali na makazi, akabadili nguo na kunawa kwa sabuni kabla ya kuingia nyumbani, na akaacha kuyeyusha risasi katika chombo ambacho kitarudi jikoni. Mchimbaji anaweza kuchoma donge la dhahabu nje, mbali na watu, ndani ya chombo kilichofunikwa chenye bomba linalorudisha zebaki badala ya kuipoteza hewani, na atapunguza gharama pia. Mama anaweza kupiga deki kwa maji badala ya kufagia vumbi likapaa, na kumnawisha mtoto mikono kabla ya kila mlo. Mwalimu mwenye mtoto asiyetulia, kabla ya kumwita mkaidi mbele ya wenzake, amwulize mzazi kazi inayofanywa pale nyumbani, na akijibiwa betri, dhahabu au vizito vya nyavu, ampeleke mtoto kituo cha afya na kuwaambia wauguzi hivyo hivyo.